SIKIO LA MTOTO LINASIKIA DAWA

 Mie niko huku mji kasoro bahari. Mlima Uluguru umevaa kilemba chake cha mawingu kama kawaida, na huku chini watoto wanapokezana mafua. Mmoja akipona, mwenzake anaanza. Na penye mafua ya watoto, sikio haliko mbali. Ndiyo maana wiki hii nimeona tuache kwanza habari za mapenzi na mawifi, tuzungumze jambo hili, maana limenikaa rohoni.

Wahenga walituachia msemo wao: sikio la kufa halisikii dawa. Walikuwa wanawasema watu wakaidi, wasioonywa wakasikia. Lakini nikipita mitaani, kuanzia Mji Mpya mpaka Kihonda, naona kuna watu wameuchukua msemo huo kama ulivyo. Mtoto anatoka usaha sikioni mwezi wa tatu huu, ukiuliza unajibiwa, "Aa, hilo ni sikio tu, akikua litaacha lenyewe." Sikio tu! Kana kwamba Mungu alituwekea masikio kwa ajili ya kutundikia hereni.

Mie nabisha. Sikio la mtoto linasikia dawa, tena vizuri sana, ila linataka dawa yenyewe na kwa wakati wake.

TATIZO HUANZIA PUANI

Wengi wetu tunaamini sikio linaoza kwa sababu mtoto aliingiwa na maji wakati wa kuogeshwa. Mara nyingi si hivyo. Mchawi ni mafua.

Nyuma ya kile kiwambo cha sikio, yaani ngozi laini inayopigwa na sauti, kuna kijichumba kidogo. Kutoka kwenye kijichumba hicho kuna mrija unaoteremka mpaka nyuma ya pua, karibu na koo. Kama umewahi kupanda gari kwenda Mgeta, mrija huo unaujua hata kama hujawahi kuuona. Gari linakunja kona, linapanda, linakunja tena, mara masikio yanaziba. Unameza mate, pwa! yanafunguka. Hapo mrija umefanya kazi yake, umeingiza hewa.

Sasa kwa mtu mzima mrija huo ni mrefu na umeinama. Kwa mtoto mchanga ni mfupi, na umelala karibu usawa. Akipata mafua, unavimba na kuziba. Maji maji yanabaki yametuama kule ndani, na vijidudu kutoka puani na kooni navyo vinapanda kwenda kujipatia makazi ya bure. Yanageuka usaha, yanasukuma kiwambo, na mtoto anaanza kuumia. Ndiyo maana watoto wengi huugua sikio angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 3, na wanaosumbuka zaidi ni wa kati ya miezi 6 na miaka 2. Na ndiyo maana wenzetu wa Nyandira, Langali na Kinole, ambako mwezi wa 6 na wa 7 baridi haina utani, inawabidi wawe macho zaidi.

MTOTO HASEMI, LAKINI ANAONYESHA

Mtoto wa miaka 5 atakwambia, "Mama, sikio linaniuma." Huyo kazi yake nyepesi. Shida ni huyu wa miezi 8 ambaye lugha yake ni kilio tu. Mwangalie hivi.

Alikuwa na mafua siku mbili tatu, halafu ghafla homa imepanda. Analia usiku zaidi kuliko mchana, na ukimlaza analia zaidi, ukimnyanyua anapoa kidogo. Anavuta sikio, analisugua, au anapiga piga kichwa upande mmoja. Analidaka titi kwa njaa, anavuta mara mbili, anaachia na kupiga kelele, maana kunyonya na kumeza kunamtonesha kule ndani. Wengine wanatapika au wanaharisha kidogo. Kuvuta sikio peke yake si ushahidi, maana watoto huchezea masikio yao kama wanavyochezea vidole. Lakini ukiona kuvuta sikio, homa na kilio cha usiku vimekuja pamoja baada ya mafua, usisubiri kupiga ramli.

Hapa kuna mitego miwili inayowanasa wazazi wengi.

Mtego wa kwanza ni malaria. Sisi wa huku bondeni tumezoea: mtoto akichemka, malaria hiyo. Baba anakimbia duka la dawa, anarudi na vidonge. Jamani, si kila joto ni malaria. Mtoto apimwe, kipimo chenyewe ni tone la damu kidoleni na majibu hayachukui muda. Kikionyesha hana malaria na bado anachemka, mwombe mganga amtazame na masikio. Na hata kikionyesha anayo, sikio nalo laweza kuwa linaumwa siku hiyo hiyo. Magonjwa hayapangi foleni.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi. Mtoto amelia siku mbili mfululizo, nyumba nzima haijalala. Siku ya tatu ananyamaza, homa inashuka, anacheza. Mama anashukuru Mungu. Kesho yake anaona mto umelowa usaha. Kilichotokea ni kwamba kiwambo kilizidiwa na msukumo, kikatoboka, usaha ukapata njia, na maumivu yakaisha. Sasa hapo ndipo watu wanapolala usingizi, eti mtoto amepona. Hajapona! Mara nyingi tundu hilo huziba lenyewe mtoto akitibiwa mapema. Asipotibiwa, tundu laweza kubaki wazi, sikio likawa la kutoka usaha leo, kukauka kesho, kutoka tena mafua yakirudi.

PAMBA YA BIBI

Siku moja nilikuwa kwenye gari la kushuka kutoka Mgeta, tumebanana na matenga ya kabichi na karoti. Pembeni yangu amekaa bibi mmoja na mjukuu wake wa kama miaka 3. Sikioni mwa mtoto pamba imesokomezwa mpaka ndani, na harufu, loo, msomaji wangu, nisikufiche.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mjukuu amepatwa na nini?"

"Sikio, mwanangu. Linatoka usaha tangu masika. Nimeziba na pamba, inzi wasimsumbue."

"Mmemtilia dawa gani?"

"Tumetia mafuta ya nyonyo ya vuguvugu. Tukatia na maji ya majani. Mama yake naye akamkamulia maziwa ya titi humo humo. Linazidi tu."

Nikamwambia, "Bibi yangu, usaha ni kama moshi wa jikoni. Ukiziba dirisha, unabaki ndani na wewe."

Akanitazama, akacheka kidogo. "Kwa hiyo nimefunga mlango na mwizi yumo ndani?"

"Ndivyo hivyo, bibi."

Akaichomoa ile pamba palepale, akaifunga kwenye pindo la khanga, na tulipofika mjini alikuwa anauliza njia ya hospitali. Sikumlaumu bibi wa watu, na wewe usimlaumu wako. Alikuwa anatafuta dawa kwa alichonacho. Lakini tuambiane ukweli: sikio linalotoka usaha usilitilie mafuta, maji ya majani, maji ya kitunguu, maziwa ya titi wala mkojo. Vingine vinapeleka uchafu ndani, vingine vinaunguza, na kiwambo kikiwa kimetoboka vinapita moja kwa moja mpaka chumba cha pili. Unyoya wa kuku, njiti ya kiberiti na pini ya nywele navyo viacheni. Unyoya ulikuwa wa kuku, kazi yake ni kumfunika kuku.

Na dawa za matone za kununua kwa kuambiwa na jirani? Hapana. Baadhi ya dawa hizo zikipita kwenye kiwambo kilichotoboka zinaweza kuharibu usikivu wenyewe. Tone la sikio liandikwe na mtu aliyelitazama sikio.

MATIBABU YENYEWE

Kwenye zahanati, mganga atakuuliza maswali mawili ya maana: mtoto ana maumivu, na usaha umetoka siku ngapi? Hesabu hizo siku vizuri kabla hujafika. Chini ya siku 14 ni ugonjwa wa ghafla, na kwa utaratibu wa zahanati zetu mtoto huandikiwa dawa ya kuua vijidudu, mara nyingi amoksilini, kwa siku 5, pamoja na parasetamoli ya maumivu na homa. Aspirini usimpe mtoto.

Siku 5 ni siku 5. Kuna wale wa "amepata nafuu siku ya pili, hizi nyingine namwekea mdogo wake." Vijidudu vilivyobaki havifi kwa huruma. Vinarudi, tena vikiwa sugu. Na kipimo kinategemea uzito wa mtoto, kwa hiyo dawa ya mtoto wa jirani si ya wako.

Usaha ukiwa umetoka siku 14 au zaidi, huo umekuwa sugu. Hapo vidonge vya kumeza peke yake havifui dafu. Kazi kubwa ni kukausha sikio na kutia matone maalumu atakayoandika mganga, kwa kawaida kwa wiki 2.

Kukausha sikio ni kazi ya mama au baba, hapo hapo nyumbani, na haina gharama. Nawa mikono kwa sabuni. Chukua kipande cha kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji, khanga kuukuu iliyofuliwa na kukauka inafaa sana. Kisokote kama utambi wa koroboi. Ingiza ncha taratibu sikioni, usisukume, acha kinyonye mpaka kilowe. Kitoe, weka kingine kisafi. Rudia mpaka utambi utoke mkavu. Fanya hivyo angalau mara 3 kwa siku, na kama umepewa matone, yatie baada ya kukausha, siyo kabla, maana tone likiingia kwenye usaha linaogelea tu. Ukimaliza usiache kitu ndani ya sikio. Vile vijiti vya pamba vya dukani usivitumie, vinasukuma uchafu ndani. Na kwa muda huo maji yasiingie sikioni, kwa hiyo mambo ya kuogelea mtoni yasubiri. Baada ya siku 5, mrudishe mtoto akaangaliwe.

Sasa nisikilize kwa makini. Ukiona uvimbe unaouma nyuma ya sikio, au sikio limesukumwa mbele, huo ni usaha umeingia kwenye mfupa. Ukiona shingo imekakamaa, degedege, mtoto amelegea hazinduki vizuri, anatapika kila kitu, au uso umepinda upande mmoja, usitafute kitambaa wala utambi. Ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni bodaboda ya kukopa. Kutoka sikioni mpaka kwenye ubongo ni karibu kuliko unavyofikiri. Na mtoto wa chini ya miezi 6 mwenye homa naye asisubirishwe nyumbani.

Kuna na hawa mafundi wa kujitumbukizia vitu. Milimani kwetu maharage yapo kila kona, na mtoto akiwa na harage mkononi na sikio karibu, kazi imekwisha. Usitie maji! Harage likinywa maji linavimba, na hapo ndipo linakwama sawasawa. Usilichokonoe. Mpeleke walitoe kwa vifaa vyao.

"MWANANGU KICHWA KIGUMU"

Kuna barua iliyonifikia kutoka kwa mama mmoja wa upande wa Mkuyuni. Jina nalihifadhi. Anasema mtoto wake yuko darasa la kwanza, ni mkaidi hajaona. Anaitwa haitiki. Anatumwa chumvi analeta kiberiti. Mwalimu anasema anakaa nyuma, anachora tu, hashiki kitu. "Nimemchapa mpaka nimechoka shangazi, nifanyeje?" Halafu mwisho kabisa wa barua, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, anaandika: "Masikio yake pia yana tabia ya kutoka usaha tangu ana mwaka mmoja."

Mama mwenzangu, weka fimbo chini. Mwanao hakukataa kukujibu. Hakukusikia.

Sikio linalotoka usaha miaka yote hiyo linapunguza usikivu kidogo kidogo. Hawi kiziwi wa kutosikia ngurumo, ndiyo maana hamkujua. Anasikia ukipiga kelele, anakosa ukisema kwa sauti ya kawaida. Anasikia "chu" hasikii "mvi". Kwa hiyo anabahatisha, na akikosea anachapwa. Baadaye anaacha hata kubahatisha, anakaa nyuma anachora. Mtoto mwenye akili zake anaitwa mjinga kwa kosa la sikio.

Mjaribu hivi leo jioni. Akiwa ameshughulika na mchezo, simama nyuma yake hatua chache, asikuone, umwite kwa sauti ya chini. Rudia siku nyingine. Asipogeuka, mpeleke, na umwambie mganga wazi kwamba unataka apewe rufaa kwa wataalamu wa masikio. Kiwambo kilichobaki na tundu kina njia zake za kuzibwa hospitali kubwa. Wakati huo huo mwende shuleni, umwombe mwalimu kwa heshima amkalishe mbele. Hiyo nayo ni dawa.

Kwa wadogo zaidi: wa miezi 9 ageuke akisikia sauti, wa mwaka mmoja awe ameanza neno moja moja. Na ujue kwamba hata usaha ukiwa haujatoka nje, maji mazito kama gundi yanaweza kubaki nyuma ya kiwambo baada ya ugonjwa. Mengi huisha yenyewe ndani ya miezi 3. Yakizidi hapo, au mtoto akawa hasikii, arudi kwa mganga.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilisema karibu asilimia 60 ya upungufu wa usikivu kwa watoto unaweza kuzuilika. Maana yake zaidi ya nusu ya watoto hao wangeweza kusikia vizuri.

SISI WA MORO TULITANGULIA

Mnajua kwa nini siku hizi ukipeleka mtoto mgonjwa zahanati, hata kama umekwenda kwa kuharisha, unaulizwa, "Na masikio je?" Swali hilo lina historia huku kwetu. Mwaka 1997 wilaya mbili, Morogoro Vijijini na Rufiji, zilianza utaratibu wa kumtazama mtoto mgonjwa mzima mzima: kikohozi, kuharisha, homa, masikio, lishe na chanjo, vyote kwa mkupuo mmoja. Watafiti wakazilinganisha na Kilombero na Ulanga, ambako utaratibu huo ulikuwa haujaanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilikuwa chini kwa asilimia 13 kule ulikotumika. Sisemi ni sikio peke yake lililofanya hivyo, la hasha. Nasema anayekuuliza habari za sikio hapotezi muda wako. Na asipouliza, mwulize wewe.

KINGA

Nyonyesha maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza. Anayetumia chupa asiipewe akiwa amelala chali, maziwa yanapanda kwenye ule mrija. Asikae kwenye moshi, uwe wa kuni au wa sigara ya baba. Mfundishe kupenga kamasi taratibu, siyo kwa nguvu zote. Na kadi ya kliniki isiwe pambo: chanjo ya kichomi, ambayo nchini kwetu ilianza kutolewa Januari 2013 na hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, inapambana na mmoja wa vijidudu wanaoozesha masikio. Ile ya surua, miezi 9 na miezi 18, nayo inasaidia, maana surua ikipita mara nyingi huacha sikio linatoka usaha.

Akina baba, nanyi msijifiche nyuma ya gazeti. Kusokota utambi hakuhitaji matiti. Akina mjomba wa Kiluguru, mnaopenda kuulizwa kila jambo la mpwa, basi na nauli ya kumfikisha zahanati iwe jambo lenu.

Mie naishia hapa. Kama una mtoto mdogo karibu, mwangalie sikio sasa hivi, gazeti litakusubiri. Tukutane wiki ijayo, Mungu akitujalia uzima.